Ukifika makumi ine na tano, kamata kaye

Kamatanda, Likasi. — Hapa kwetu makaye hayakosekani. Kaye ya duka iko na deni ya unga, deni ya mafuta, na jina la mama mwenye kuahidi kulipa jumamosi. Kaye ya likelemba iko na majina ya wale walikwisha kula na wale watakula mwezi unaokuja. Kaye ya depo ya mawe iko na hesabu ya masaki. Kaye ya mutoto iko na diktee. Lakini muulize mutu wa myaka 45 akuonyeshe kaye yenye anaandika yeye mwenyewe, juu yake mwenyewe: ninajua kufanya nini, siku yangu inapita wapi, ninataka kufika wapi mbele ya nguvu kupunguka. Atakucheka. “Ile ni kazi ya bazungu,” njo jibu tulisikia mara mingi.

Siye tunaona ni kazi yetu. Na tunaona kama hapa Likasi, kuliko mahali pengine, tulishalipa bei ya kukosa ile kaye.

Kampani ilituandika, siye hatukujiandika

Kwa kuelewa, turudie nyuma kidogo. Muji wetu, wenye uliitwa Jadotville mpaka 1966, ni mutoto wa kampani. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Kuanzia myaka ya 1920 ilianza kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi na watoto: nyumba, lopitali, masomo, na posho ya unga. Wamama walijifunza kushona ku foyer social. Serikali ilipokamata kampani mwanzo wa 1967, na ikafika kuitwa Gécamines, desturi ilibaki ile ile. Wazee walizoea kusema: “Kazi njo baba, kazi njo mama.”

Kila mufanyakazi alikuwa na matrikule yake. Siku aliingia, kazi yake, grade yake, watoto wake wangapi: yote iliandikwa, lakini mu biro ya kampani. Mutu mwenyewe alirudi nyumbani na mushahara na posho. Kama baba anakujua na anakuandika, utajiandika juu ya nini?

Kiisha baba akaanza kugonjwa. Katikati ya myaka ya 1980, Gécamines ilitosha zaidi ya tone 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa kenda 1990, machimbo ya Kamoto, kule Kolwezi, yaliporomoka. Vyuma vya kubadilisha mu mashini vilikosekana, inchi iliingia mu fujo, na mu myaka ya katikati ya 1990 kampani haikufika hata tone 50.000. Mishahara ilianza kuchelewa, nyuma ikakosekana miezi na miezi. Mwaka 2001, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Université ya Lubumbashi, alitosha kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi, na kichwa chake kinasema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père. Watoto wa Shaba, wenye baba yao aliwaacha.

Mwaka 2003 na 2004 ikafika Opération Départs Volontaires, yenye watu wote hapa wanaita ODV, na makuta ya Banque mondiale. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka. Waliombwa wale wenye kuwa na myaka 25 na zaidi mu kazi. Fanya hesabu: mutu aliyeingia na myaka 20 alitoka na 45 ao zaidi. Iko nusu ya maisha kabisa. Si mutoto wa kuanza upya, si muzee wa kuketi chini ya muembe.

Siku ile, mu nyumba mingi za Likasi, listi moja tu njo iliandikwa: listi ya kununua. Kulipa madeni. Kulipa minerval. Kubadilisha manjanja ya nyumba. Taxi, kama makuta inatosha. Shamba, kama inabakia. Makuta ilikwisha mbele ya listi kuisha. Mwaka 2009, kikundi cha wale walitoka kilipeleka malalamiko yao mpaka ku Banque mondiale yenyewe, kwa sababu waliona hesabu yao haikulipwa vizuri. Ile shauri iko na historia yake, na leo si yenyewe tunafuata. Tunafuata jambo lingine, lenye muzee moja wa hapa alituambia kwa maneno machache.

Yeye alitoka 2003, na myaka 48. “Batuuliza: uko na myaka ngapi mu kazi? Tukajibu. Batuuliza: uko na batoto ngapi? Tukajibu. Hakuna mutu alituuliza: weye unajua kufanya nini? Na siye wenyewe hatukujiuliza.”

Mu karatasi yake ya kazi, yule muzee alikuwa mulinzi wa pompe. Lakini jioni, myaka mingi, alikuwa anakaa na rafiki wake wa atelye ya umeme, na alijifunza kufunga upya nyuzi za motere zenye kuungua. Ile kazi haikuandikwa ku fishi yoyote. Makuta ya ODV ilikula myaka mbili. Motere zilimulisha myaka makumi mbili. “Ningeandika ile mbele, singenunua taxi,” anasema. “Ningenunua waya.”

Listi tatu ku kaye moja

Tuliomba watu wachache wa Kamatanda, wenye kuwa kati ya myaka 40 na 55, waandike listi tatu: vitu ninajua, siku yangu, na vitu ninataka. Majina yao hatuyaandike. Hapa kila mutu anamujua mwenzake na hakuna faida ya kuongeza masemi.

Wa kwanza ni creuseur wa myaka 46. Machimbo ya Kamatanda yanajulikana tangu zamani: shaba na kobalt, na watu wenye kuchimba kwa mikono, kwa myaka mingi sasa. Alikamata bic na kusema: “Yangu itakuwa mustari moja: najua kuchimba.” Tukamwambia aketi. Nyuma ya nusu saa alituonyesha hii:

1. Kuangaria jiwe na kulijua. Ya majani ni malakite, njo shaba. Nyeusi yenye inachafua mikono ni eterogenite, njo kobalt.
2. Kusikia udongo mbele haijaanguka.
3. Kufunga mbao mu puits ili batu bashuke na barudie.
4. Kuosha na kuchagula, ili saki isiwe na udongo bule.
5. Kubeba saki kwa mukono na kusema kilo. Nikikosa ni kilo mbili.
6. Kugawanya makuta ya équipe ya batu 8 bila matata.
7. Kuongea na mwenye kununua bila kupandisha sauti.
8. Kufundisha kijana mupya asikufe.

Alipofika ku namba 6 alisimamisha bic. “Ile nayo ni kazi?” Iko kazi, ndugu yetu. Mu biro wanaiita comptabilité. Namba 2, 3 na 8 wanaziita sécurité, na kuna watu wanalipwa kila mwezi kwa ile peke yake. Namba 7 wanaiita biashara. Yeye aliziita zote “kuchimba” kwa sababu hakuna mutu aliyemusaidia kuzitenganisha.

Na njo hapa jambo linakuwa la lazima. Ukisema unajua “kuchimba” tu, siku mugongo unakataa, umebaki bila kitu. Ukisema unajua vitu 8, siku mugongo unakataa umepoteza kimoja, ao viwili.

Wa pili ni mama wa myaka 43, mwenye kuuzisha bukari karibu na njia ya kwenda machimboni. Yeye tulimuomba aanze na listi ya siku:

4h00: kuamuka, kuchota maji mbele ya mustari kuwa murefu.
5h00: kuwasha makala, chai ya watoto.
6h30: watoto ku masomo.
7h00: soko. Unga, tomson, lenga-lenga.
9h00: kupika.
11h00 mpaka 15h00: kuuzisha.
16h00: kuosha vyombo, kufuata madeni.
18h00: bukari ya nyumba.
20h00: hesabu ya makuta, kuangaria kaye ya watoto.
22h00: kulala.

Aliisoma tena, akachora chini ya mustari moja. “Masaa ine tu njo yanaingiza makuta. Yale mengine yote yanabeba ile ine.” Hakuisema kwa kulalamika; alikuwa anafanya hesabu. Watoto wake wawili wako segondere. Ile ya primere ni bure tangu 2019, lakini segondere bado inaomba minerval. Mu ile listi alitafuta saa moja ya kupumua, na hakuiona.

Kiisha akaandika vitu anajua. Kupika bukari ya watu 40 bila kutupa hata sahani moja. Kununua unga kwa meka siku bei iko chini na kuulinda usioze. Kujua mutu mwenye atalipa na mwenye hatalipa, “kwa kuangaria biatu byake.” Na hii, yenye aliweka mwisho kama kitu kidogo: kuchunga makuta ya wamama 12 wa likelemba, myaka 6, hakuna falanga hata moja imepotea.

Mama, tulimwambia, kuna watu wenye diplome na biro yenye kufungwa na ufunguo, wenye hawawezi kusema ile.

Juu ya nini watu wa mbali wanaandika

Wenye kusema kaye hii ni ya bazungu wako na sababu nusu. Ni kweli kama kule Ufaransa ile kazi iko mu sheria. Tangu sheria ya 31/12/1991, mufanyakazi iko na haki ya bilan de compétences: anaketi na mutu mwenye kujua ile kazi, wanaandika vitu anajua, vitu anapenda, na njia gani anaweza kufuata katikati ya maisha yake. Na sheria ya 17/01/2002 ilifungua njia yenye wanaita VAE: mutu anaweza kupata diplome kwa vitu alijifunza mu kazi, bila kurudia ku banki ya masomo, akionyesha tu mbele ya jury kama anavijua kweli. Jambo la kwanza wanamuomba ni lile lile: andika.

Kwetu, INPP iko tangu 1964, na nyumba yake ya mafundisho iko Lubumbashi, kama kilometre 120 kutoka hapa. Ni mahali pa kufundisha watu wakubwa kazi, na si vijana tu. Lakini mutu hawezi kugonga mulango na kusema “niko na akili ya mikono” bila kuweza kusema akili gani.

Creuseur yeye iko na karatasi gani? Code minier ya 2002 ilimujua kwa karte yake. Ile yenye kubadilishwa 2018 inamuomba kuwa mu koperative. Yote ni mazuri, lakini ile karte inasema kama uko na ruhusa ya kuchimba. Haiseme unajua nini. Na ruhusa inaweza kuisha siku moja. Mwaka 2004, pa Shinkolobwe, hapa karibu, serikali ilifunga machimbo, na maelfu ya watu walipashwa kutafuta pengine. Mwezi wa pili 2025, Kinshasa ilisimamisha kutosha kobalt mu inchi, kwa sababu bei ilianguka sana. Mwezi wa kumi ikafika mufumo wa kota. Hatuseme serikali ilikosa ao ilifanya vizuri. Tunasema hivi: listi ya malengo yenye kusimama paka juu ya bei ya kobalt, inafutwa na mutu mwenye hakujui. Listi ya vitu unajua, hakuna mutu anaweza kuisimamisha.

Watu wa upande wa bahari wako na mezali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaisema juu ya makuta na bidhaa. Siye tunaisema juu ya mikono.

Na tusidanganyane kama kuandika maisha ya kazi mu kiswahili chetu ni kitu kigeni. Mwaka 1965, André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya muji yenye kutoka mu kinywa cha wale walifanya kazi ya boyi mu nyumba za wazungu. Iko mu kiswahili cha huku, namna watu wanaongea. Watu wenye historia kubwa haikuwaandika, walijiandika. Leo wasomi wa inchi za mbali wanasoma ile kaye.

Namna ya kuandika

Kufuatana na yale tuliona hapa, tunawapa wasomaji njia yenye ilisaidia. Inaomba kaye moja ya karatasi 32 na bic. Haiombe mwalimu.

Ukurasa wa kwanza, piga mistari ine toka juu mpaka chini. Ku wa kwanza: ninajua nini, kitu kimoja kimoja, na kitenzi mbele (kufunga, kupima, kuponya, kupatanisha). Ku wa pili: nilijifunza wapi, mwaka gani, na nani. Ku wa tatu: nani anaweza kushuhudia, huyu njo mutu utaomba barua siku moja. Ku wa ine: nani ninamufundisha. Kama ule wa ine uko mweupe, jua kama ile akili itazikwa pamoja na weye.

Usiandike “kazi zote”. Hakuna mutu anajua kazi zote. Usisahau vitu vya nyumbani na vya kanisa: mwenye kuongoza korali ya watu 30 anajua kuongoza watu 30. Na vitu hulipwi navyo uandike pia, kwa mufano wa yule muzee wa motere.

Ukurasa wa pili ni siku yako, saa kwa saa, ya siku ya kweli, si ya siku unatamani.

Ukurasa wa tatu tu njo malengo. Tuliona kama watu wote wanataka kuanzia hapa, na wote wanaandika maneno makubwa: kuwa na maisha mazuri, kujenga, kusafiri. Malengo ya namna ile hayaumize mutu, lakini hayamusukume. Lengo liwe na bei na tarehe. Mama wetu wa bukari aliandika kwanza “restaurant kubwa”. Alipolinganisha na ukurasa wa siku yake, alifuta. Akaandika: malewa ya meza 4, manjanja juu, mbele ya mvua ya mwaka ujao, na chini yake: kulipa musichana moja wa kuchota maji na kuosha vyombo, kuanzia mwezi huu. Hii ya pili njo itamupa saa yake ya kupumua. Bila listi ya siku asingeiona.

Kuna mwanaume moja wa myaka 50, fundi wa kusudire, alituambia anaogopa ile ukurasa wa tatu. “Nikiandika na isifanyike, watoto watasoma na watanicheka.” Tulimusikia vizuri. Mu nyumba zetu baba haonyeshe kama anatafuta njia. Anaonyesha kama anaijua. Lakini watoto wanaona tayari. Wanaona mugongo, wanaona macho yenye kuungua na sudire, wanaona makuta yenye kuchelewa. Kitu hawaone ni kama baba iko na mupango. Yule fundi aliandika mwishoni jambo moja tu: kununua miwani mizuri ya kazi mbele ya Noeli. Tunaona kama alianza pazuri.

Myaka mbili

Kuna wenye kusema: mutu mwenye njaa haandike listi. Tunajibu kama wale tuliona si matajiri, na hakuna aliyepata mukate kwa sababu ya kuandika. Kaye haiponye mugongo, haipandishe bei, haijenge INPP hapa Kamatanda. Inafanya kazi moja tu: siku mulango unafunguka, ao unafungwa, mutu anajua amebeba nini mu mikono.

Yule creuseur, ku ukurasa wa tatu, aliandika malengo mawili. La kwanza: kwenda kuuliza koperative kama inaweza kumukamata kwa kazi ya kuangaria usalama wa mapuits, na kuenda na listi yake mu mufuko. La pili: “Kuacha kushuka mu shimo mbele ya myaka 50.” Akaiacha kaye wazi juu ya meza na kwenda kunawa mikono.

Bibi yake, mwenye kusoma vizuri kuliko yeye, alipitisha kidole juu ya mistari yote 8 ya vitu bwana wake anajua, pole pole, moja kwa moja. Kiisha akakamata bic, akafuta 50, akaandika 48 pembeni.

Bwana aliporudia na kuona, hakukasirika. Alisema minerval ya mutoto mukubwa inabakia myaka mbili. Mama akajibu kama mutoto anaweza kukosa mwaka mumoja wa masomo, lakini hawezi kuzaa baba mwingine. Tulipoaga, walikuwa bado wanabishana juu ya ile myaka mbili, na kaye ilikuwa katikati yao.